Aliyekatazwa Kuimba: Hotuba juu ya Kazi ya Mpiga Kodiani na Mtunzi

Hotuba hii niliitoa Unguja mbele ya wanafunzi wa muziki, wazee wa vikundi vya taarab na wazazi. Waliokosa kufika wameniomba niiweke yote. Nimeiacha kama nilivyoisema. Picha za ukutani tu ndizo zimebaki kule.

Assalamu alaykum. Na kwa wasioitumia salamu hiyo, hamjambo.

Maalim zangu, wazee wa vikundi mliokaa mbele, wazazi, na nyinyi vijana mliojipanga karibu na mlango, nia zenu nazijua: ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya mpiga kodiani ambaye pia ni mtunzi. Swali lenu nalijua hata kabla hamjaliuliza. Kazi hiyo ipo? Mtu anaweza kula kwa kodiani, akaoa, akasomesha watoto, akazeeka nayo? Namwona mzee mmoja mstari wa pili ameshaanza kutikisa kichwa. Subiri, mzee wangu. Nipe nusu saa.

Nimekuja na mtu mmoja. Si Mzanzibari, si Mmisri, wala si Mtaliano. Ni Mbrazili, jina lake Luiz Gonzaga. Wangapi humu wamewahi kulisikia? Mkono mmoja. Na huyo ni mwalimu, hahesabiwi.

Kabla yake, neno dogo juu ya mzigo huu tunaoubeba kifuani. Fundi Cyrill Demian aliusajili Vienna mwaka 1829. Ndani yake hamna nyuzi. Mna vipande vyembamba vya chuma, tuviite ndimi, kila kimoja kimefungwa kwenye kibati chake, na vibati vimegandishwa kwa nta. Ukivuta mvukuto hewa inapita, ulimi unatetema, sauti inatoka. Basi, ni chuma, nta na pumzi. Sasa niambieni nyinyi watu wa kisiwani: chuma na hewa ya bahari vinapatana? Nta na jua la saa saba mchana ndani ya gari lililofungwa vioo, vinapatana? Nimewahi kuletewa kodiani iliyoshinda kwenye buti la gari. Kuifungua, nta imeteremka, vibati vimelala ubavu, na ndimi mbili tatu zimeshaota kutu ya njano pale kwenye ncha, mahali pembamba kuliko pote. Ukiigusa kutu ile kwa nguvu, sauti imebadilika. Usipoigusa, sauti imekufa. Ndiyo maana mpiga kodiani wa pwani lazima awe nusu fundi, apende asipende.

Na bado chombo hiki kikasafiri. Wakikuyu walikipa ngoma nzima, mwomboko, miaka ya 1940, kodiani na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa. Kongo walikuwa na Camille Feruzi. Madagaska wanakipiga mpaka kwenye tromba, mizimu ikipandishwa. Kwetu kikaingia taarab, kikakaa baina ya fidla na kanuni utadhani kilizaliwa hapa.

Turudi kwa mtu wetu.

Luiz Gonzaga alizaliwa tarehe 13 Desemba 1912, Exu, jimbo la Pernambuco, kaskazini-mashariki mwa Brazil. Nchi kavu ile. Mvua ikigoma, watu wanahama. Baba yake, Januário, alikuwa mkulima, na usiku alikuwa mpiga kodiani ndogo ya besi nane, yaani vitufe vinane vya mkono wa kushoto, kwenye sherehe za vijijini. Tena alikuwa fundi: kodiani za eneo zima zikiharibika zinakuja kwake. Mtoto akakulia kwenye rundo la kodiani zilizofunguliwa matumbo. Alijifunza kwa kusikiliza, akaanza kumshika mkono baba yake kwenye sherehe.

Akapenda. Akampenda binti wa mtu mkubwa kuliko wao, na baba wa binti akamtukana. Kijana akashika kisu akaenda kumkabili mzee wa watu. Habari zikafika nyumbani kabla yake, na mama akamchapa bakora za haja. Ilikuwa mwaka 1930, hajafikisha hata miaka 18. Aliona haya, akatoroka. Akaiuza kodiani yake, akajiandikisha jeshini. Miaka tisa akapuliza tarumbeta ya jeshi.

Mwaka 1939 anavuliwa sare, yuko Rio de Janeiro, hana kazi. Ana kodiani nyingine. Anafanya nini? Anafanya kile ambacho kila mmoja wenu angefanya. Anakwenda kwenye mabaa ya karibu na bandari, kule Mangue, mtaa wa mabaharia na wanawake wa usiku, anapiga kinachotakiwa: waltzi, tango, foksitroti, chochote ambacho baharia mlevi anakitaka. Kisha sahani inazungushwa.

Jamani, naomba msimcheke. Nani humu hajawahi kupiga hotelini nyimbo zile zile nne kwa watalii? Mimi nimezipiga. Mkate ni mkate. Lakini angalieni kilichotokea alipojaribu kupanda juu kidogo. Redioni kulikuwa na mashindano ya wasanii wachanga, mwendeshaji wake Ary Barroso, mtunzi mkubwa na mwenye ulimi mkali. Gonzaga akaenda na tango zake na waltzi zake. Akapewa alama za chini. Kwa nini? Alikuwa anapiga vibaya? Hapana. Alikuwa anapiga vizuri kitu ambacho Rio ilikuwa na wapigaji wengi wanaokipiga vizuri zaidi.

Usiku mmoja baani wakaingia wanafunzi waliotoka Ceará, jimbo jirani na kwao. Wakamsikiliza, wakamwuliza: wewe si mtu wa kwetu? Mbona hupigi vya kwetu? Vile vya baba yako? Akababaika. Vya baba yake alikuwa hajavigusa muda mrefu, tena kwenye kodiani nyingine kabisa, kubwa, yenye meno ya piano. Akawaomba wampe muda. Akaenda kufanya mazoezi. Waliporudi akawapigia kipande kimoja, kisha cha pili, kiitwacho Vira e Mexe. Baa ikajaa. Watu wakasimama mpaka barabarani. Sahani ikajaa pia, na hilo msilisahau, maana tunazungumza juu ya kazi. Akakichukua kipande kile kile akarudi nacho kwa Ary Barroso. Akapata alama ya juu kabisa. Mwaka 1941 alikuwa ndani ya studio ya RCA Victor anarekodi.

Mnaona? Soko lilimwambia: piga tango. Akapiga tango, soko likamwambia: tango tunazo. Alipoleta kitu ambacho soko halikujua hata kukiomba, ndipo likafungua mkoba.

Na hapa kwetu je? Hebu tulete suala hili nyumbani. Kodiani inayotoka kiwandani haina robo sauti. Chukua maqam, ngazi ya sauti ya Kiarabu, iitwayo Rast, chukua Bayati: ile sauti iliyo katikati, ambayo mpiga udi anaipata kwa kusogeza kidole kidogo tu, wewe mwenye kodiani huna. Unabonyeza, inakuja ya Kizungu. Wamisri walifanya nini? Walilala? Walifungua kodiani, wakachukua kikwaruzo, wakakwaruza ndimi. Ukikwaruza ncha ya ulimi, sauti inapanda. Ukikwaruza karibu na mzizi, inashuka. Kidogo kidogo, unapiga, unasikiliza, unakwaruza tena, maana chuma kilichoondoka hakirudi. Mpaka chombo cha Vienna kikasema Bayati. Kwa njia hiyo kodiani ikapata kiti kwenye orkestra za Cairo, na akatoka mtu kama Hassan Abou El Seoud, aliyeanza kama mpiga kodiani nyuma ya waimbaji, akawa mtunzi wa muziki wa filamu, akamaliza akiwa kiongozi wa chama cha wanamuziki wa Misri. Alifariki mwaka 2007. Nawauliza vijana: ni wangapi kati yenu wameshawahi kufungua kodiani zao? Si kuzipangusa vumbi. Kuzifungua.

Wazee wananiangalia. Najua, mnaogopa vijana watakwenda kuziharibu kodiani za kikundi. Waanze na zile zilizokufa. Kila kikundi kina moja juu ya kabati.

Sasa sikilizeni sehemu iliyonifanya nimchague mtu huyu.

Gonzaga alikatazwa kuimba. Ndiyo, mtu ambaye Brazil nzima ilikuja kumwita Mfalme wa Baião, mdundo wa kwao, walimkataza kuimba. Alikuwa anarekodi, sahani za santuri zinatoka, zinauzwa, zote za kodiani tupu. Akitaka kuimba wanamwambia sauti yako haifai. Redioni wakamkumbusha kwamba ameajiriwa apige, hakuajiriwa aimbe. Sauti yake ilikuwa ya puani, ya shambani, yenye lafudhi ya kwao. Waimbaji wa wakati ule walikuwa na sauti laini za suti na tai. Angalieni basi hali yake: nyimbo anazitunga, zinaimbwa na wengine, na wengine hao hawajui hata jua la Pernambuco linachoma vipi. Alipigania mpaka mwaka 1945 ndipo ikatoka sahani ya kwanza yenye sauti yake mwenyewe.

Mwaka huo huo akakutana na Humberto Teixeira. Huyu alikuwa mwanasheria, mtoto wa Ceará, ana ofisi mjini Rio. Wakakaa ofisini wakapanga kwa makusudi kabisa: tuchukue mdundo wa kwetu, baião, ambao wapiga gitaa wa kijijini wanaupiga wakisubiri mshairi apate mstari, tuufanye muziki wa nchi nzima. Mwaka uliofuata wimbo wao, Baião, ukarekodiwa na kundi la waimbaji waliokuwa na jina. Ulikuwa unafundisha namna ya kuucheza wenyewe. Werevu huo!

Naomba niwaulize wazee wa taarab: mgawanyo huu si tunaujua? Kuna mwenye maneno, kuna mwenye sauti, yaani mahadhi, kuna mwenye kuimba. Sisi tumekuwa nao miaka yote. Mtunzi wa kodiani si lazima awe mshairi. Gonzaga alikuwa mwenye sauti; maneno mengi alishirikiana na Teixeira, na baadaye na Zé Dantas, ambaye alikuwa daktari. Mwanasheria na daktari! Wazazi mlioleta watoto leo mkinong'ona kwamba afadhali wangesoma udaktari, nawaomba mlichukue hilo mwende nalo.

Machi 1947 wakaingia studio kurekodi Asa Branca. Wimbo wa ukame. Mifugo imekufa, hata njiwa yule mwenye bawa jeupe amehama, na mtu naye anahama, anamwacha mpenzi wake kwa ahadi kwamba mvua ikinyesha atarudi. Wanamuziki wa studio wakacheka. Mmoja akaanza kuzunguka chumba akiigiza ombaomba anayekusanya sadaka, akisema huu ni wimbo wa vipofu wa mlango wa kanisa. Gonzaga na Teixeira wakavumilia, wakarekodi. Wimbo huo leo Wabrazili wengi wanauimba kwa moyo.

Kwa nini ulishika? Si kwa bahati. Miaka ile maelfu kwa maelfu ya watu wa kaskazini-mashariki walikuwa wanapanda malori, wamekaa juu ya mbao, siku nyingi njiani, kwenda kujenga São Paulo na Rio. Hawa wana kazi sasa, wana vijisenti, wana redio. Na redioni hakuna anayezungumza kama wao. Halafu anatokea mtu mwenye sauti ya puani ile ile waliyoiacha nyumbani. Kasoro aliyokatazwa kwayo ndiyo waliyoinunua. Haya, nani alikuwa sahihi, mkuu wa redio au aliyepanda lori?

Nina jambo moja hapa nataka tusilipite haraka. Mwenyewe Gonzaga hakuficha kwamba sauti ya Asa Branca aliitoa kwao, ni ya zamani, aliisikia na kuipiga tangu utoto kwenye kodiani ya baba yake. Walichofanya wao ni kuisuka upya, kuipa maneno, kuipa umbo, na kuandika majina yao. Ni utunzi huo? Au ni wizi? Msinijibu haraka, maana sisi nyimbo ngapi za taarab sauti zake zimetoka Cairo, ngapi zimetoka kwenye filamu za Kihindi? Tunajua. Kila mtu humu anajua. Mimi naona hivi: ukichukua cha wote ukakifanyia kazi, sema umekitoa wapi, kisha andika kazi yako ni ipi. Lakini andika. Kwa kusajili hakimiliki, hapa tuna COSOZA, bara wana COSOTA. Wimbo haujasajiliwa, umeshatupiwa mtandaoni, halafu mwezi wa sita mnagombana nani alitunga. Mwenye sauti hakumbuki, mwenye maneno ameshafariki, mwimbaji anasema wangu. Karatasi moja tu, jamani, iliyotiwa saini na watu watatu, siku ile ile mnapomaliza mazoezi. Teixeira alikuwa mwanasheria, sidhani kama alisahau karatasi. Tena alikwenda bungeni, na mwaka 1958 ikapita sheria iliyobeba jina lake, ya kugharimia misafara ya wanamuziki wa Brazil kwenda nje.

Tuendelee. Kodiani peke yake haikumtosha. Kwanza, mavazi. Alimwona mwenzake mpiga kodiani kutoka kusini, Pedro Raimundo, anapanda jukwaani na nguo za wachunga ng'ombe wa kwao. Akajiambia, na mimi nina wachunga ng'ombe wa kwetu! Akavaa kofia ya ngozi iliyokunjwa mbele, kofia ya aina aliyovaa Lampião, jambazi mashuhuri wa nchi ile kavu. Redioni wakakataa tena. Hawa watu wa redio walikuwa na kazi ya kukataa. Yeye akaendelea kuvaa.

Pili, wenzake jukwaani. Alitaka kundi dogo, la kuingia kwenye gari moja. Ngoma kubwa, zabumba, ya kushika chini. Juu ashike nini? Anasimulia kwamba alimwona mtoto barabarani anauza vitafunio huku akigonga pembetatu ya chuma kuwaita wateja. Ting, ting-a-ting. Akasema ndicho hicho. Nyinyi mmekulia Mji Mkongwe, mmesikia muuza kahawa akigonga vikombe vyake magharibi, mkono mmoja, bila kuangalia. Ni nani kati yenu amewahi kuisikia ile kama ala ya muziki? Gonzaga aliisikia. Kodiani, zabumba, pembetatu: watu watatu, na mpaka leo ndivyo linavyokaa kundi la forró, muziki wa kucheza wa kaskazini-mashariki. Na ukiwaza vizuri, Wakikuyu na karing'aring'a yao walifika mahali pale pale kwa njia yao wenyewe.

Watatu, si kumi na wanane. Nawatazama wahasibu wa vikundi. Sisemi zaidi.

Sasa nawapa kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1946 Gonzaga alirudi kwao Exu kwa mara ya kwanza tangu atoroke. Miaka 16. Aliondoka na makovu ya bakora, anarudi ana jina, na kifuani ana kodiani ya besi 120, inang'aa. Baba yake bado ana ile ya besi nane. Mnadhani kijiji kilimpokea kwa kumsujudia? Wimbo alioutoa baadaye juu ya safari ile, Respeita Januário, unaeleza. Watu wanamtazama na lile lidude lake, wanamwambia: besi 120 sawa, lakini tuliza moyo, mheshimu Januário. Utakuwa maarufu, lakini baba yako ni zaidi. Na yeye, nyota wa redio, akautunga wimbo huo yeye na Teixeira, akauimba nchi nzima, akijicheka mwenyewe. Ukawa mmoja wa nyimbo zake kubwa.

Kuna watu wanaotunga ili waonekane wakubwa. Huyu alitunga wimbo mzima kusema kuna mtu kijijini anampita. Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia, ya ngozi au ya viua.

Lakini nisiwadanganye. Baada ya neema huja kiangazi, na yeye kilimkuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kila nyumba ya Brazil ilitaka kodiani. Wasichana walikuwa wanapelekwa shule za kodiani. Viwanda vilifanya kazi, kikubwa kikiwa Todeschini kule kusini. Mwishoni mwa muongo ikaja bossa nova, gitaa na sauti ya kunong'ona. Kisha wakaja vijana wa gitaa la umeme. Kodiani ikawa kitu cha wazee na washamba. Todeschini leo mnajua wanatengeneza nini? Makabati ya jikoni. Sitanii.

Gonzaga alifanya nini redio za Rio zilipomsahau? Akapanda gari. Akaenda alikotoka muziki, bara, kwenye viwanja vya masoko, kwenye sarakasi za mikoani, juu ya malori yaliyogeuzwa jukwaa, gharama zimelipwa na wafanyabiashara wanaotaka matangazo. Watu wa mijini wakadhani amekwisha. Watu wa bara hawakujua hata kama kuna anayesema amekwisha, maana walimwona kila mwaka.

Hiyo ndiyo kazi, vijana. Hiyo. Ukitaka kujua kama kazi ya kodiani ipo, usiangalie miaka ile ya kofia na picha za magazeti. Angalia miaka ile ya malori. Je, una watu watakaokuja uwanjani kama redio imekuzimia?

Na waliomrudisha mjini walikuwa vijana wenyewe wa magitaa. Gilberto Gil na Caetano Veloso walikua wakimsikiliza, wakasema hadharani huyu ni mwalimu wetu. Serikali ya kijeshi ilipowafukuza nchini, Caetano akiwa uhamishoni London mwaka 1971 akarekodi Asa Branca, wimbo wa mtu aliyeondoka kwao bila kutaka. Haikuhitaji maelezo. Mwaka 1972 mzee akapanda jukwaa la ukumbi mmoja wa Rio mbele ya vijana wenye nywele ndefu ambao baba zao ndio walioacha kumsikiliza.

Gharama nayo niitaje, maana wake wa wanamuziki wako humu na watanisuta nikinyamaza. Mtoto wake, Gonzaguinha, hakumlea. Mama wa mtoto aliugua akafa kijana, baba yuko safarini siku zote, mtoto akalelewa na wasimamizi wake wa ubatizo kwenye kilima cha maskini hapo hapo Rio. Pesa zilikuwa zinaletwa, baba haletwi. Mtoto akakua, akawa mtunzi yeye mwenyewe, mkali, nyimbo zake zinakaguliwa na kukatwa na serikali, huku baba akiwa mtu wa kupatana na wakubwa. Miaka mingi hawakuelewana. Walipatana wakiwa watu wazima wote wawili, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 walizunguka Brazil kwenye jukwaa moja. Safari ndiyo iliyowatenga, na safari ndiyo iliyowakutanisha. Wengine huwa hawapati hiyo ya pili.

Gonzaga alifariki Recife tarehe 2 Agosti 1989. Tarehe yake ya kuzaliwa, 13 Desemba, Brazil wameifanya siku ya forró.

Mtaniambia, huyo ni mfalme, wafalme ni wachache. Sawa. Niwape wawili wasio wafalme, harakaharaka.

Wa kwanza ni Sivuca, mpiga kodiani wa Paraíba, jirani na kwao Gonzaga, mwanamuziki hodari sana. Katikati ya miaka ya 1960 alikuwa nyuma ya Miriam Makeba, anamsimamia muziki, na mara nyingi mkononi ana gitaa. Gitaa! Alikula kwa gitaa mpaka dunia ilipotaka tena kodiani yake. Jifunzeni ala ya pili.

Wa pili ni wa bahari hii hii yetu. Régis Gizavo, alizaliwa Toliara, kusini-magharibi mwa Madagaska, mwaka 1959. Mwaka 1990 alishinda tuzo ya redio ya kimataifa ya Ufaransa, RFI, akahamia huko. Miaka na miaka akawapigia wengine, hasa I Muvrini, kundi la waimbaji wa kisiwa cha Corsica. Mpigaji wa kutegemewa, nyuma, pembeni. Lakini baina ya kazi za watu akawa anaweka zake. Mwaka 1996 akatoa albamu yake, akaiita Mikea, jina la watu wa msituni huko kwao. Sikilizeni mkono wake wa kushoto. Besi haikai kimya ikisubiri mkono wa kulia, inagombana nao, mdundo wa kusini ya Madagaska mtupu. Alifariki Corsica, Julai 2017. Hakuwa na kofia ya ngozi, hakuwa na taji. Alikuwa na kazi, na alikuwa na chake. Kwa wengi wenu humu, naona njia ya Gizavo iko karibu zaidi kuliko ya Gonzaga, na sioni kwamba ni ndogo.

La mwisho nimeliwekea vikundi, si vijana.

Karibu na mwaka 1950, watoto watatu ndugu walikuwa wanapiga muziki mlangoni mwa hoteli moja mji wa Garanhuns, wakiokota senti. Gonzaga alikuwa mgeni ndani ya hoteli. Akawasikia, akawapa pesa, akawaachia anwani yake ya Rio: mkifika, nitafuteni. Maneno hayo wakubwa huyasema kila siku, si ndiyo? Mwaka 1954 familia ile ikafika Rio kweli, ikamtafuta, na Gonzaga akampa mmoja wa watoto wale kodiani. Mtoto huyo ni Dominguinhos, aliyekuja kuwa mpiga kodiani na mtunzi mkubwa wa Brazil baada ya mzee, na akaupiga muziki ule mpaka alipofariki mwaka 2013.

Kwa hiyo nawauliza wenye vikundi, na naomba majibu ya kweli: ile kodiani iliyo juu ya kabati, ufunguo wa kabati anao nani? Na kijana akija kuiomba, mnamwambia nini? Mimi najitolea. Kila Jumamosi asubuhi niko tayari kukaa na vijana, tuzifungue, tusafishe kutu, tuyeyushe nta mpya, tujaribu na robo sauti. Nta ninayo, vikwaruzo ninavyo. Kodiani zitoke kwenu.

Nimemaliza. Mwenyekiti anasema tuna muda wa maswali kabla ya adhuhuri. Wenye suala la hakimiliki waanze, maana nimewaona walivyoanza kusogeza viti nilipolitaja.